Kwa mjomba mimi ni wa baba, kwa baba mimi ni wa mama

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mvulana wa miaka 16, niko kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Kaunti ya Bungoma. Mama husema wewe huzungushi maneno, ndiyo maana nimeamua kukuandikia. Naomba usitaje jina langu wala la kijiji.

Baba yangu ni Mgisu wa Mbale, Uganda, na kwao ni Wayahudi, wale wanaoitwa Abayudaya. Nikisema hivyo shuleni watu hucheka, au hudhani ni kanisa jipya limeanzishwa na nabii fulani. Si kanisa. Babu wa babu yangu aliingia dini hiyo enzi za Semei Kakungulu, na ukoo haujatoka hadi leo. Mama yangu ni Mbukusu wa kanisa la Friends, yaani Quaker. Walioana wakakaa Mbale, nikazaliwa huko, na siku ya nane nikatahiriwa kama watoto wote wa kwa baba. Nilipofika miaka mitano waliachana, mama akarudi nami kwao. Hawakuachana kwa vita. Baba ni dereva wa lori, Mombasa hadi Kampala, na kila akifika Malaba hunipigia simu. Ijumaa ikimkuta njiani huegesha lori kabla jua halijazama na haliondoki hadi Jumamosi usiku, hata tajiri wake apige kelele vipi. Likizo za Agosti na Desemba huenda kwa babu. Napanda matatu hadi Lwakhakha, navuka, nabebwa na boda, halafu nachukua gari la Mbale.

Huku kwa mama naishika Shabati peke yangu. Ijumaa jioni nawasha mishumaa miwili mezani, nasema baraka chache ninazozijua kwa Kiebrania, basi. Nyama ya huku sili, kwa sababu haijachinjwa na mtu wetu. Mama alininunulia sufuria yangu ndogo, akaipaka rangi nyekundu ya kucha ukingoni ili mtu asije akapikia nyama ndani yake kwa bahati mbaya.

Shida zangu ni mbili, shangazi. Ya kwanza ilitokea Desemba. Jumamosi moja asubuhi tulikwenda kusali kwenye sinagogi ndogo ya kijiji cha jirani na kwa babu. Mvua ilikuwa kubwa, watu wakawa wachache. Kuna sala ambazo hazisaliwi mpaka watimie watu kumi waliofika miaka 13. Nilihesabu kimoyomoyo na kupata kumi pamoja nami. Nikasimama, nikafungua kitabu. Mzee anayeongoza akatuangalia mmoja mmoja, halafu akasema, "Tumngoje mmoja." Binamu yangu wa miaka 14 akaninong'oneza, "Wewe huhesabiwi. Mama yako si Myahudi." Tukakaa. Nilikuwa nasikia mvua kwenye mabati na moyo wangu. Baada ya kama nusu saa akaingia mtu mmoja amelowa chapachapa, buti zimejaa matope, na papo hapo sala ikaanza.

Hakuna aliyenitukana. Baadaye walinimiminia chai ya kwenye thamosi kama kawaida. Lakini tangu siku ile sina raha. Sikuwahi kujua jambo hilo kwa sababu kwenye sinagogi kubwa ya Nabugoye watu ni wengi, hakuna haja ya kuhesabu. Tena hapo wanaimba zaburi kwa Kiluganda, nami Kiluganda sijui, nafungua mdomo tu.

Shida ya pili iko huku. Mwaka huu ni wa tohara kwetu Wabukusu, Agosti. Karibu wavulana wote wa rika langu wataingia. Tayari nasikia jioni wakijaribisha chinyimba, zile njuga za chuma. Mimi nimetahiriwa, lakini wanasema nilikatwa nikiwa nimefungwa kwenye kanga, sikusimama uwanjani, kwa hiyo bado ni omusinde, mtu ambaye hajapashwa tohara. Mjomba wangu, ndugu yake mama, ninampenda kuliko mtu yeyote. Juzi alinikalisha chini akasema, "Khocha wako ni mimi. Nimekufugia fahali miaka yote hii. Luliki nitamvisha nani?" Luliki ni ile nyama ya kidari cha fahali ambayo mjomba humvisha kijana shingoni kabla ya kwenda kisuni. Rafiki yake mmoja aliyekuwepo akasema mambo ni rahisi, nisimame uwanjani na wenzangu, nikatwe kidogo tu, alama tu, damu ionekane, mambo yaishe. Shangazi, niko karibu kukubali.

Na kuna jambo nimelifanya. Niliporudi kutoka kwa babu nilimwambia mama, "Ungebadili dini wakati ule, leo ningekuwa mtu." Hakunijibu. Alichukua sufuria yangu akaiosha, na ilikuwa safi. Tangu hapo tunasalimiana tu.

Juu ya hayo, shuleni kuna masomo ya Jumamosi na mwalimu wa zamu ananiita mtoro.

Je, nikubali kisu ili angalau huku niwe na watu? Au niache yote mawili?

Huku si mtu, kule si mtu
Bungoma

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kisu, kwa maana Agosti haingoji. Usikubali. Nasema hivi nikijua kwamba tohara ya Wabukusu si mchezo, na sina haja ya kuidharau ili nikuokoe. Lakini hicho unachoshawishiwa si tohara ya Wabukusu wala ya mtu yeyote. Govi ulishatolewa ukiwa na siku nane. Kilichobaki ni nyama nzima, yenye mishipa ya damu, na anayesema "kidogo tu" si yeye atakayelala na kidonda. Katika mkesha wenye vijana wengi na haraka nyingi, kisu kikitoka kwa mmoja kikaenda kwa mwingine kinaweza kukupa ugonjwa ambao hautaisha Agosti. Rafiki wa mjomba alikuwa anatafuta suluhisho la maongezi ya jioni. Mwache na jioni yake. Wakikushika kwa nguvu au kwa mzaha, na mizaha ya msimu huo naifahamu, toka hapo uende alipo mama au mwalimu unayemwamini. Na kama jioni hizo una safari ya kwa babu Mbale, panga tarehe zako vizuri, ingawa najua utacheka: Wagisu nao wanatahiri miaka hiyohiyo ya shufwa, na mwezi uleule wa Agosti ngoma zinazinduliwa pale Mutoto, nje kidogo ya mji wa Mbale. Utakuwa umekimbia njuga na kukuta ngoma.

Lakini kule una jambo ambalo huku huna. Binamu zako nao walitahiriwa siku ya nane. Nao wamezungukwa na Wagisu wanaowaambia maneno uliyoambiwa wewe. Yule wa miaka 14 aliyekunong'oneza kwamba huhesabiwi, muulize siku moja mkiwa wawili, kwa upole, wenzake wa shuleni wanamwitaje. Nadhani mtaongea muda mrefu.

Sasa barua yako. Niliposoma mara ya pili niliona kitu ambacho labda wewe hujakiona, kwa sababu kimekukaba shingo. Wabukusu huhesabu mtoto kwa baba. Kwa hiyo kwao wewe ni Mgisu, mtoto wa ukoo wa ng'ambo, na mjomba wako ni khocha, mtu wa kukubariki, si mtu wa kukupa ukoo. Wayahudi wao huhesabu kwa mama. Kwa hiyo huko wewe ni mtoto wa Mbukusu. Kila upande umeshika mizani yake ya siku zote, hakuna aliyekaa chini akapanga kukutenga wewe. Wewe ndiwe uliyeangukia mahali ambapo mizani mbili hupishana. Ungekuwa na mama wa Abayudaya na baba Mbukusu, leo ungehesabiwa kote kuwili! Mambo ya ukoo hayana huruma, lakini pia hayana chuki.

Nalijua kidogo jambo hili. Baba yangu alikuwa Mswahili wa Mombasa, mama Mkamba wa Machakos. Mombasa niliitwa mtoto wa yule Mkamba. Machakos, na weusi wangu huu, niliitwa Mwarabu. Nilipokuwa na umri wako nililia sana. Baadaye nilijifunza kuuliza swali moja kila nilipotengwa, nalo ni: huyu ananiambia sheria, au ananiambia moyo wake? Wewe umeyachanganya hayo mawili, na kwa umri wako sishangai.

Mzee wa sinagogi alikuambia sheria. Angeweza kuisema vizuri zaidi. Kumkalisha kijana nusu saa kwenye baridi akijijua yeye ndiye sababu ya kungoja, bila hata kumshika bega, ni kosa la adabu, na hilo namlaumu. Lakini sheria yenyewe hakuitunga yeye. Kwa Wayahudi wengi, Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia dini kwa kufuata utaratibu. Abayudaya wengi wako upande wa tawi linaloitwa Conservative, na tawi hilo linafuata kanuni ya mama. Yapo mengine. Wayahudi wa tawi la Reform kule Marekani waliamua mwaka 1983 kwamba hata mtoto wa baba Myahudi anahesabika akilelewa Kiyahudi. Kwa hiyo kijana kama wewe, mishumaa yake miwili ileile, akiwa Chicago kwenye sinagogi ya watu hao, asubuhi ile angekuwa mtu wa kumi. Sikuambii uhamie Chicago. Nataka ujue tu kwamba watu wa dini moja wenyewe hawajakubaliana juu ya hesabu yako, kwa hiyo usiichukue kama hukumu iliyoandikwa kwenye paji la uso.

Halafu kuna jambo la kumuuliza baba, nalo ni la wiki hii, akifika Malaba. Ulipozaliwa, mama akiwa bado wa Friends, je, ulipelekwa mbele ya marabi? Ulizamishwa majini? Mtoto mchanga wa mama asiye Myahudi anaweza kuingizwa dini akiwa mdogo, na akifika umri wa miaka 13 ana haki ya kukubali au kukataa alichofanyiwa. Inawezekana lilifanyika na mzee yule wa kijiji cha jirani hana habari. Inawezekana pia halikufanyika, walidhani tohara ya siku ya nane imetosha. Hujui, nami sijui, na wewe umeshalia miezi kadhaa kwa jambo ambalo jibu lake liko kwa dereva mmoja anayepita kilomita chache kutoka kwenu kila mara.

Ikiwa halikufanyika, njia ipo na watu wa kwenu wanaijua vizuri. Unajifunza kwa muda na rabi, na akiona uko tayari unakaa mbele ya watu watatu wanaokuuliza maswali, halafu unazama majini mwili mzima. Mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hatahiriwi tena. Hutolewa tone moja la damu, la kuchomwa kwa sindano. (Ndiyo, naona damu inakuandama pande zote. Lakini tone la sindano silo kisu cha uwanjani, na hapa hakuna wa kukupigia njuga.)

Na sasa nikuambie kwa nini yule mzee, hata kama uso wake ulikuwa mgumu, huenda anakuelewa kuliko unavyodhani. Historia ya babu zako unaijua juujuu. Kakungulu alikuwa Mganda, jemadari aliyewasaidia Waingereza kuitwaa nchi ile ya mashariki, kisha wakamvunja moyo. Alijisomea Biblia kwa Kiluganda, akafika kwenye amri ya tohara, akasema hii lazima tuitii. Wenzake wa dhehebu alilokuwamo wakamwambia tohara ni mambo ya Wayahudi. Akawajibu kwamba kama ni hivyo, basi sisi ni Wayahudi. Ilikuwa 1919. Akatahiriwa mtu mzima, na watoto wake pia, katikati ya watu wanaotahiri kwa sababu zao nyingine kabisa. Hakukuwa na mama Myahudi hata mmoja katika kundi lile. Hata mmoja! Kakungulu alifariki mwaka 1928, watu wake wakaendelea.

Ikaja enzi ya Idi Amin. Alishika serikali mwaka 1971, na muda si muda ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku, masinagogi yakafungwa. Kati ya watu kama 3,000 walibaki kama 300. Wengine wakawa Wakristo, wengine Waislamu, na sidhani yupo wa kuwalaumu. Waliobaki walisali ndani ya nyumba kwa sauti ya chini. Amin alipoondoka mwaka 1979 ilibidi kuanza upya, na walioanza kufufua mambo kwenye kilima cha Nabugoye miaka ya 1980 walikuwa vijana, baadhi yao hawakukuzidi miaka mingi. Mmoja wao, Gershom Sizomu, baadaye alikwenda Marekani kusoma, akawekwa wakfu kuwa rabi mwaka 2008, akarudi.

Lakini ninachotaka ukiangalie ni mwaka 2002. Mwaka huo marabi wa Conservative walikwenda Mbale na mamia ya Abayudaya wakaingia majini. Fikiria hao ni akina nani. Ni watu waliozaliwa ndani ya Shabati, ambao wazazi wao walijificha wakati wa Amin kwa ajili ya hiyo Shabati, mvi kichwani, na bado waliambiwa kwamba kwa sheria walikuwa hawajawa Wayahudi kamili. Wanaume wazee walitolewa lile tone la damu. Wapo walioona ni matusi, kwamba baada ya miaka themanini nani wa kutuuliza tena. Wapo waliosema kama ni kuuliza basi watuulize Waorthodoksi, yaani Wayahudi wa tawi linaloshika sheria kwa ukali zaidi. Na wapo walioshuka majini kimya. Sijui mzee wako wa ile Jumamosi alikuwa upande gani. Akiwa ni wa umri ninaoudhani, basi kuna siku naye alisimama akingoja kuambiwa kama anahesabika. Hata leo hesabu haijaisha, serikali ya Israeli imewahi kuwakatalia watu wa kwenu waliotaka kuhamia huko kwa haki ya Uyahudi.

Ukienda likizo ijayo, mwendee mzee huyo nyumbani kwake, si sinagogini, si Shabati. Msalimie kwa heshima zote za Kigisu unazozijua, kaa chini, umwambie, "Babu, Jumamosi ya mvua niliumia. Nataka kujua nifanye nini ili siku nyingine tusingoje." Halafu unyamaze. Umwache yeye ndiye aongee.

Lakini sikia na hili, na usilipitie haraka. Huna lazima. Una miaka 16. Ukiingia majini kwa sababu ya aibu ya nusu saa, utakuwa umefanya kwa ajili ya binamu yako, si kwa ajili yako. Barua yako imenieleza sana unavyotaka kuhesabiwa, na imenieleza kidogo sana unavyoamini. Niliona mishumaa, nikaona sufuria, nikaona kwamba nyama huli hata ukiwa huna wa kukuona. Hayo yananiambia kitu. Lakini ni wewe wa kuyasema, na marabi watakuuliza hivyohivyo. Ukigundua baada ya kusoma kwamba si yako, babu atabaki babu na Lwakhakha haitafungwa.

Kiluganda nacho kisikutishe. Anza na zaburi moja tu, mwombe shangazi yako wa Mbale, namaanisha dada wa baba, akurekodie kwa simu polepole, mstari kwa mstari. Unajua Kibukusu, unajua Kigisu cha kuombea maji, Kiluganda hakiko mwezini. Desemba utafungua mdomo na kitu kitatoka.

Turudi kwa mjomba. Huyu mtu nimempenda. Miaka yote hii amefuga fahali kwa ajili ya mtoto wa dada yake, na swali lake si "kwa nini wewe si mwanamume". Soma tena ulivyoliandika. Aliuliza luliki atamvisha nani. Analia kwa sababu ana baraka mkononi na hana shingo ya kuivisha. Ukimpa mwili wako akukate, hutakuwa umemjibu. Mwendee kabla ya Julai, pamoja na mama ikiwezekana, umwambie: "Khocha, tohara yangu ilikwisha, baba aliimaliza kwa desturi ya kwao. Lakini baraka yako sijaipata bado, na ninaitaka." Umuulize kama anaweza kukubariki bila kisu. Nyama ya fahali yule hutakula, mwambie mapema ili asione umemkataa siku yenyewe mbele ya watu. Pengine atakasirika kwanza. Pengine atasema hakuna kitu kama hicho. Lakini siku hizi huko Bungoma wapo wavulana wengi wanaopelekwa hospitali, na wapo wa familia za kanisa wasioingia uwanjani kabisa, na wajomba wao wametafuta namna. Mjomba aliyeweza kumlisha fahali miaka kumi anaweza kufikiria wiki mbili.

Rika ni jambo jingine, na hapa sitakudanganya. Watakaosimama Agosti wataitana kwa jina la rika lao hadi uzeeni, na wewe hutakuwamo. Patauma. Hakuna ninaloweza kuandika hapa likaliondoa hilo. Unaweza kumpelekea rafiki yako maji akiuguza kidonda, ukakaa naye, ukamchekesha. Watu humkumbuka aliyekuja.

Masomo ya Jumamosi ni jambo dogo kuliko yote uliyoniandikia. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inakulinda wewe na imani yako. Lakini usiende kwa mwalimu wa zamu ukiwa umeishika Katiba kama rungu. Tafuta Wasabato wa shule yenu, hawakosi, ambao wameshapigania Jumamosi hiyohiyo, mwende pamoja kwa naibu mwalimu mkuu na barua ya mzazi. Wao watakushangaa, ninyi nyote mtajikuta mnakaa nyumbani siku moja kwa sababu tofauti. Kazi ya masomo ya Jumamosi uifanye Jumapili.

Nimemwacha mama mwisho kwa makusudi, maana ungesoma hilo tu ukaacha mengine.

Mwanangu, ile sentensi ya sufuria nimeisoma mara tatu. Mwanamke wa Friends, aliyeachana na mume, anayekulea peke yake, alikwenda dukani akanunua chombo ambacho yeye mwenyewe hatakipikia chakula chake, kisha akachukua rangi yake ya kucha akakitia alama, ili dini isiyo yake isivunjwe jikoni kwake. Hakuna rabi aliyemwamuru. Huenda hata baba hajui. Halafu wewe ukamwambia yeye ndiye aliyekufanya usiwe mtu. Na yeye akaiosha ile sufuria iliyokuwa safi.

Kama kuna mtu mmoja nyumba hiyo aliyekuhesabu, ni huyo. Tena usimwombe msamaha kwa kumweleza habari za sheria ya mama na sheria ya baba. Hayo yatakuja. Mwombe msamaha kwa neno lenyewe ulilosema, ulitaje vile vile, usilipunguze makali. Halafu umwambie utaongea lini na baba akifika Malaba na unataka kumuuliza nini, kwa sababu miaka mitano aliyokaa Mbale anajua mengi ambayo hukumuuliza: kama ulipelekwa majini, nani alikuwepo, na kwa nini yeye hakutaka kuingia. Sababu yake inaweza kuwa nzuri kuliko unavyofikiri. Hujawahi kumwuliza, au nakosea?

Niandikie baada ya Malaba. Na Ijumaa hii, ukishawasha mishumaa, mwambie mama akae mezani.

Shangazi yako